Mwongozo kamili wa kuunda chombo cha anga cha karatasi: pua inayokaa sawa, mshono usioonekana, mabawa yasiyolegea

Wengi wanaojaribu kuunda vyombo vya anga vya kubuni kwa karatasi hukwama palepale. Bomba la mwili linatoka na kona kona badala ya kuwa duara. Pua inazidi mwili kwa milimita mbili. Mshono unafunguka usiku, na kesho yake mabawa yameinama. Halafu lawama zote anapewa muuza gundi.

Mara nyingi gundi haina kosa. Kosa limefanyika mapema zaidi, karatasi ikiwa bado imelala mezani. Kwa hiyo mwongozo huu mzima unasimama juu ya kanuni moja: kila kazi inayoweza kufanywa karatasi ikiwa bapa, ifanywe ikiwa bapa. Kupima, kuchora madirisha, kutoboa matundu ya mabawa, kupaka rangi sehemu za ndani, vyote vitangulie. Ukishakunja, umechelewa.

Tutaunda chombo kimoja cha mizigo, tukiite Jahazi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Huhitaji kupakua kitu wala printa. Vipimo vyote vimo humu, na vimepangwa ili namba zikubaliane zenyewe. Ukimaliza hiki, violezo vya kupakua vitakuwa rahisi kwako, na nimeviachia sehemu yake mwishoni.

## Vifaa

Karatasi ngumu ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, ukubwa wa A4. Mbili zinatosha, nunua nne. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80, haiwezi kubeba umbo. Manila nene kupita kiasi nayo inavunjika ikikunjwa kwenye duara dogo. Ukiwa dukani, izungushe karatasi kwenye kidole gumba: ikizunguka bila kupasuka juu, inafaa.

Boksi jembamba, kama la dawa ya meno au majani ya chai. Hili ni la visahani vya ndani, yaani vipande vya duara vitakavyoshikilia umbo la bomba.

Gundi nyeupe, ile ya mbao au ya shule. Iwe nzito, isiwe maji maji. Gundi ya papo kwa papo iache: inazama kwenye karatasi, inaacha doa linalong'aa, na haikupi nafasi ya kurekebisha.

Kisu chembamba chenye wembe mpya na mkasi mdogo. Wembe butu haukati, unachana. Nunua wembe wa akiba.

Rula ya chuma, bikari, penseli ngumu iliyochongwa vizuri. Rula ya plastiki italiwa na wembe siku hiyohiyo.

Kalamu ya wino iliyokauka. Usitupe kalamu zilizokwisha. Ncha yake ya mviringo ndiyo chombo bora cha kukwaruza mistari ya mikunjo.

Vingine: vijiti vya kuchokolea meno, vibanio vya nguo, msasa laini, kalamu mbili tatu za duara zenye unene tofauti, kitambaa kikavu, na kibao au kadibodi nene ya kukatia juu yake. Kioo kinaonekana kizuri kwa kukatia lakini kinamaliza makali ya wembe upesi.

## Hatua ya 1: Tafuta nyuzi za karatasi zinakoelekea

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu mabomba mengi kuliko zote.

Kiwandani, nyuzi za karatasi hulala zaidi upande mmoja. Karatasi hukunjika kwa ulaini pale mkunjo unapokwenda sambamba na nyuzi, na hugoma pale mkunjo unapozikata. Pia hufyonza unyevu na kutanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi.

Chukua karatasi, ipinde taratibu bila kuivunja, upana kwanza kisha urefu. Upande mmoja utahisi laini, mwingine utasukuma mkono. Pale ilipolainika, nyuzi zinakwenda sambamba na mgongo wa pindo. Weka mshale wa penseli kuonyesha uelekeo huo. Usibahatishe kwa sababu ni A4: nyingi zina nyuzi za kwenda urefuni, lakini zilizokatwa dukani kutoka kwenye shiti kubwa zinaweza kuwa vyovyote.

Kwa bomba, nyuzi ziende urefu wa bomba, kutoka nyuma kwenda puani. Ukigeuza, utapata zile kona kona, na mshono utakuwa ukivutana na gundi kila saa.

*Umefaulu kama:* una karatasi yenye mshale, na unajua urefu wa bomba utalala upande gani.

## Hatua ya 2: Amua chombo chako ni kikubwa kiasi gani

Karatasi ya sentimita 17 mezani inaweza kuwa chombo cha watu watatu au meli kubwa ya mizigo. Kinachoamua ni madirisha na milango tu.

Bomba letu lina kipenyo cha milimita 40, na Jahazi zima litakuwa na urefu wa karibu milimita 170. Kwa skeli ya 1:100, yaani milimita 1 ya karatasi ni milimita 100 za chombo chenyewe, hicho ni chombo cha mita 17 chenye upana wa mita 4. Mtu mzima hapo ana milimita 17 au 18, mlango una milimita 20, dirisha la nusu mita lina milimita 5. Ukichagua 1:500, chombo kinakuwa cha mita 85, mtu ana milimita 3.5, mlango 4, na dirisha ni nukta ya milimita 1.

Karatasi ni ileile, vipimo ni vilevile. Lakini ukichanganya, yaani mlango wa 1:100 na madirisha ya 1:500, jicho linakataa kazi yako bila hata kujua kwa nini. Vyombo vingi vya kubuni vinavyoonekana vya kitoto tatizo lake ni hili. Aliyeviunda alichora madirisha makubwa kwa sababu ni rahisi kuyachora.

Napendekeza 1:500 kwa wanaoanza. Nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mstari zinasamehe mkono unaotetemeka, na papo hapo chombo kinakuwa kizito, cha kuaminika. Andika skeli yako pembeni ya karatasi na usiibadilishe katikati.

*Umefaulu kama:* unaweza kutaja kwa milimita ukubwa wa mlango mmoja na dirisha moja.

## Hatua ya 3: Chora vipande vyote

Chora upande utakaokuwa nje, kwa mistari myepesi ya penseli.

Mwili. Mstatili wa milimita 126 kwa 120. Ile 126 ndiyo itakayozunguka: kipenyo 40 mara 3.1416 ni 125.7, tunaongeza kidogo sana kwa ajili ya unene wa karatasi. Ile 120 ni urefu wa bomba, na nyuzi zifuate upande huo. Usiongeze ulimi wa gundi pembeni. Mshono wetu utakutana ukingo kwa ukingo, na nitaeleza sababu kwenye Hatua ya 6.

Matundu ya mabawa. Kwenye mstatili huohuo, pima kutoka ukingo wa kushoto milimita 31.5 na chora mstari mrefu wa penseli kutoka nyuma hadi mbele. Chora mwingine kwenye 94.5. Hizo ni robo na robo tatu ya mzunguko, kwa hiyo mshono ukikaa chini, mistari hii itakuwa ubavuni kabisa, kila mmoja ukitazamana na mwenzake. Kwenye kila mstari, weka alama ya tundu kuanzia milimita 30 hadi 42 kutoka nyuma, upana wa milimita 1.

Pua. Toboa kituo kwa bikari, chora tao la nusukipenyo 60, na kwa kituo kilekile tao la 24. Sasa unahitaji pembe ya nyuzi 120. Huna haja ya kipimapembe: bikari ikiwa bado ina milimita 60, iweke popote juu ya tao kubwa, piga alama, sogea kwenye alama hiyo, piga tena. Kila hatua ni nyuzi 60, hatua mbili ni 120. Unganisha mwanzo na mwisho na kituo kwa rula. Kipande kilicho kati ya matao mawili ndicho pua.

Angalia uzuri wa hesabu hii. Theluthi ya duara lenye nusukipenyo 60 ina urefu wa tao wa milimita 125.7, uleule wa bomba. Ndiyo maana pua na mwili vitakutana. Anayekisia pembe ya koni kwa jicho hana njia ya kufika hapo. Juu, pua itabaki na mdomo wa kipenyo cha 16, na kimo chake kitakuwa karibu milimita 34.

Midomo ya injini, mitatu. Kila mmoja: tao la nusukipenyo 36 na la 20, pembe ya nyuzi 90. Kona ya karatasi yoyote iliyokatwa kiwandani itakupa nyuzi 90. Ukikunja utapata mdomo wa kipenyo 18 na shingo ya 10.

Visahani, kwenye boksi. Vitano vya nusukipenyo 20: cha nyuma, cha kati, cha mbele, cha kitako cha pua, na kimoja cha akiba. Kimoja cha nusukipenyo 8 cha kufunga ncha ya pua. Acha tundu la bikari katikati ya kila kisahani. Tutalitumia.

Ufito wa mabawa, yaani kijiti bapa kitakachopita ndani ya mwili na kubeba mabawa yote mawili. Vipande vitatu vya milimita 100 kwa 12, vigandishwe pamoja kuwa kimoja, vikaushwe chini ya kitabu kizito.

Mabawa. Kwanza chora bawa moja kwenye karatasi ya kutupa: upande wa mwilini milimita 60, upande wa ncha 25, umbali kati yake 45. Ukingo wa nyuma uwe wima kwa upande wa mwilini, ule wa mbele ndio ulale. Likate. Hilo ni kiolezo.

*Umefaulu kama:* mstatili una pembe sawa. Pima mishazari yake miwili kona kwa kona. Ikitofautiana zaidi ya nusu milimita, chora upya. Mstatili uliopinda hutoa bomba linalojisokota, na hakuna gundi ya kulinyoosha.

## Hatua ya 4: Pamba karatasi ikiwa bapa

Sasa mwili ni karatasi tu mezani. Kila kitu ni rahisi. Tumia nafasi hii.

Kwaruza mistari ya mabati ya mwili kwa kalamu kavu na rula, kwa nguvu ya wastani. Usiigawe kwa vipimo sawa sawa kama daftari la hesabu. Panga mabamba makubwa matatu manne, halafu vipande vidogo vidogo karibu na injini na karibu na mlango, mahali ambapo fundi wa kweli angehitaji kufungua na kutengeneza. Ukitazama vyombo halisi vya anga utaona hivyo: pana na tupu sehemu moja, msongamano sehemu nyingine. Jicho linapata pa kupumzika na pa kuchunguza.

Weka madirisha kwa kalamu ya ncha nyembamba. Andika namba ya usajili. Paka rangi kama unataka rangi, kwa tabaka jembamba, kisha acha ikauke chini ya uzito. Rangi ya maji ikiwa nyingi itaikunja karatasi na hairudi.

Midomo ya injini ipakwe nyeusi au ya moto upande wa ndani sasa hivi. Ikishakunjwa, brashi haitafika.

Mwisho, kata matundu mawili ya mabawa. Kutoboa bomba lililokwisha kugandishwa ni kulibonyeza.

*Onyo:* usikwaruze hadi karatasi ionyeshe alama ya kupasuka upande wa pili. Mstari huo utakuwa kona wakati wa kukunja.

## Hatua ya 5: Kata, kisha kunja bila gundi

Kata mistari iliyonyooka kwa kisu na rula, ukipita mara tatu nyepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Nguvu ndiyo inayotoroka rula na kufuata kidole. Mkono unaoshika rula uwe nyuma ya njia ya wembe daima. Watoto wakate kwa mkasi, na kazi ya wembe afanye mtu mzima. Wembe zilizokwisha makali zitie kwenye chupa yenye kifuniko.

Kwenye matao, tumia mkasi, na zungusha karatasi badala ya mkono. Visahani vya boksi kata kwa nje ya mstari, kisha sugua kwa msasa hadi kwenye mstari.

Sasa kunja. Weka kipande cha mwili juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, upande wa ndani ukitazama juu. Viringisha kalamu nene juu yake ukikandamiza, mbele na nyuma, kalamu ikilala sambamba na urefu wa bomba. Karatasi itaanza kujipinda yenyewe. Rudia kwa kalamu nyembamba zaidi. Kingo mbili za mshono zipe muda wa ziada, kwa sababu ndizo hubaki bapa na kuufanya mshono uwe na ncha kama tone la maji.

Pua na midomo ya injini huzungushwa kuelekea kituo cha tao, na upande mwembamba ukazwe zaidi ya mpana.

*Umefaulu kama:* ukiliachia bomba mezani, kingo zake zinakutana au zinapishana zenyewe bila kushikwa. Kama unalazimika kulibana kwa vidole ili likutane, bado hujakunja. Rudi kwenye kitambaa.

## Hatua ya 6: Mshono

Njia ya kawaida ni kupandisha ukingo mmoja juu ya mwingine. Inashika, lakini inaacha ngazi inayoonekana kutoka mbali na inaharibu duara. Sisi tutaweka kiraka ndani.

Kata kiraka cha karatasi ileile, upana milimita 10, urefu 110. Kiwe kifupi kwa milimita 5 kila mwisho, kwa sababu visahani vitakaa hapo. Kiviringishe kidogo kiendane na bomba. Gandisha nusu ya upana wake kwa ndani ya ukingo mmoja, nusu nyingine ikichomoza. Subiri ikauke kabisa.

Kisha paka gundi kwenye nusu iliyochomoza, nyembamba sana, kwa kijiti cha meno. Subiri hadi mng'ao wa maji uanze kupotea. Leta ukingo wa pili ukutane na wa kwanza, na ukandamize kutoka ndani kwa kalamu ya duara. Anzia katikati, nenda pande zote mbili.

Gundi ikitokeza nje ya mshono, ni nyingi. Ifute mara moja kwa kitambaa kikavu, usipake kwa kidole.

Midomo ya injini na pua hushonwa vivyo hivyo, kwa viraka vidogo. Lakini kabla ya kuishona pua, ishike kwa mkono juu ya bomba na ulinganishe. Ikizidi kidogo, punguza ukingo wa mshono kwa wembe. Kila milimita 1 unayoipunguza kwenye mshono inapunguza kipenyo kwa karibu milimita 0.3, kwa hiyo nenda polepole. Ikizidi kwa milimita 2 nzima, usipunguze: tofauti ya mzunguko ni zaidi ya milimita 6, maana yake bikari ilisogea wakati wa kuchora. Chora nyingine.

*Umefaulu kama:* unaupitisha ukucha juu ya mshono na haukwami.

## Hatua ya 7: Visahani vya ndani

Bomba tupu ni laini. Likishikwa linakuwa yai. Visahani ndivyo vinavyolirudisha kwenye duara na kulifanya lishikike.

Cha kati kwanza. Kichonge mwanya mdogo pembeni, upana wa milimita 12, ili kiraka cha mshono kipite. Kisukume hadi katikati ya bomba kwa kitako cha penseli. Kiingie kwa kugusa, kisilazimishwe. Kisahani kikubwa kitaonekana kwa nje kama pete iliyovimba, na hilo halifichiki. Kikiwa kikubwa, msasa. Kikiwa kidogo, kuna cha akiba.

Pitisha ufito wa mabawa sasa, kutoka tundu moja hadi jingine, milimita 30 zikichomoza kila upande. Tazama kutoka nyuma: uwe mlalo kabisa, mshono ukiwa chini. Tia gundi kwa ndani pale unapogusa bomba.

Funga nyuma na mbele kwa visahani viwili, vikae sawasawa na mdomo wa bomba. Kitako cha pua nacho kifungwe kwa chake, na ncha kwa kile kidogo.

*Umefaulu kama:* ukisimamisha bomba kwenye meza kwa upande wa mbele, linasimama bila kuyumba. Likiyumba, lisugue juu ya msasa uliolazwa mezani, kwa mizunguko myepesi.

## Hatua ya 8: Pua

Hapa ndipo tundu la bikari linapolipa. Paka gundi nyembamba kwenye kisahani cha mbele ya mwili. Chomeka kipande cha kijiti cha meno kwenye tundu lake la katikati, kichomoze milimita 5. Panga mshono wa pua uelekee chini pamoja na ule wa mwili, kisha shusha pua, kijiti kikiingia kwenye tundu la kitako chake.

Kijiti kinashika kituo, wewe unabaki na kazi moja tu ya kuzungusha. Una nusu dakika hivi ya kurekebisha. Simamisha chombo wima, pua juu, kiache.

*Umefaulu kama:* kidole kikitelezeshwa kutoka mwilini kwenda puani kinahisi badiliko la mwelekeo tu, hakihisi ngazi. Kukiwa na uwazi mwembamba, pitisha gundi kwa kijiti, ikauke, sugua.

## Hatua ya 9: Injini na mabawa

Kwenye kisahani cha nyuma, chora duara la nusukipenyo 11 kwa bikari. Ligawe kwa nafasi tatu zilizo sawa na uweke alama. Gandisha shingo ya kila mdomo wa injini juu ya alama yake. Kwa kipimo hiki midomo mitatu inakaa bila kugusana na bila kuzidi ukingo wa mwili.

Kwa mabawa, kunja karatasi ngumu katikati baada ya kukwaruza mstari wa mkunjo kwa kalamu kavu. Weka kiolezo, ukingo wake wa mbele ukilala juu ya mkunjo, na kata tabaka zote mbili pamoja. Utapata bawa lenye mfuko, ukingo wa mbele ukiwa laini na imara kwa sababu ni mkunjo, si mshono. Gandisha ukingo wa nyuma na ncha tu. Upande wa mwilini uache wazi.

Visha bawa kwenye ufito bila gundi kwanza. Tazama kutoka mbele, kutoka juu, kutoka nyuma. Ukiridhika, tia gundi juu na chini ya ufito, rudisha bawa, bana kwa kibanio cha nguo chenye kipande cha karatasi katikati kisije kikaacha meno. Ufito mmoja unabeba mabawa mawili, kwa hiyo uzito wa huku unajibiwa na wa kule. Bawa lililogandishwa ukingo wake tu juu ya bomba halina cha kuliegemeza, ndiyo maana huinama.

*Umefaulu kama:* Jahazi likiwekwa kwa tumbo juu ya vibao viwili, ncha mbili za mabawa ziko kimo kimoja kutoka mezani. Pima kwa rula, usiamini jicho.

## Hatua ya 10: Kingo nyeupe na umaliziaji

Popote ulipokata, karatasi inaonyesha moyo wake mweupe. Hilo peke yake hufanya kazi nzuri ionekane karatasi. Pitisha kalamu ya rangi inayokaribiana kwenye kila ukingo, kwa ubavu wa ncha. Kijivu kinafaa kuliko cheusi.

Ongeza vitu vidogo kutoka mabaki: visanduku vya karatasi iliyopangwa tabaka mbili, mabomba ya uzi uliolowekwa gundi na kukaushwa ukiwa umenyooshwa, antena ya kijiti. Viweke pale ulipochora mabamba madogo. Vitano vilivyo mahali pake vinatosha.

Acha usiku kucha kabla ya kupuliza vanishi. Tabaka mbili nyembamba, nje ya nyumba, ukiwa mbali kama urefu wa mkono. Kwa walio pwani, vanishi si urembo. Unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja wakati wa masika unalegeza karatasi isiyofungwa, na visahani huanza kuonekana kwa nje. Usifanye hatua ya mshono siku ya mvua kubwa kama unaweza kungoja, na karatasi zako zihifadhi bapa ndani ya mfuko wa plastiki.

## Ukihamia kwenye violezo vya kupakua

Anza na vyombo halisi. Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, imetoa violezo vya bure vya vyombo vyake, na kampuni ya Canon kupitia tovuti yake ya Creative Park inatoa vya kila aina. Ukitaka kubuni chako, Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya 3D, ni ya bure na ina nyongeza iitwayo Export Paper Model inayokunjua umbo kuwa vipande bapa. Pepakura Designer hufanya kazi hiyohiyo, na faili zake huishia na .pdo.

Ukichapisha, chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Mashine nyingi hupunguza kidogo ili kila kitu kiingie kwenye ukurasa, na hapo kurasa mbili za chombo kimoja zinaweza kutoka na vipimo tofauti. Chora mstari wa milimita 100 kwenye kila ukurasa kabla ya kuchapisha, kisha upime kwa rula ukiwa bado uko kwa mchapishaji.

Wino wa printa ya kawaida huchuruzika ukiguswa na gundi nyeupe, kwa hiyo puliza vanishi kabla ya kukata, isipokuwa kwenye ndimi za gundi. Unga wa printa ya leza hauchuruziki, ila hupasuka kwenye mikunjo. Kwaruza kila mstari kabla ya kukunja, na uguse nyufa kwa rangi.

Mistari ya mikunjo huja kwa aina mbili, ya kupanda kama mlima na ya kushuka kama bonde. Soma ufunguo wa kiolezo kabla ya kitu kingine, kwa sababu kila mbunifu ana alama zake. Na usikate vipande vyote siku moja. Kata cha hatua unayoifanya, andika namba yake kwa nyuma, kigandishe, ndipo ukate kinachofuata.

Chombo kilichotoka kwenye filamu kina mwenyewe. Kukiunda kwa ajili ya rafu yako ni jambo moja, kukiuza au kuuza kiolezo chake ni jingine, na hilo linahitaji ruhusa. Jahazi halina mwenyewe. Libadilishe, lirefushe, liongezee bomba la pili ubavuni. Ukitaka mwili mnene zaidi, zidisha vipimo vyote kwa namba moja, pamoja na matao ya pua, na pembe ya nyuzi 120 ibaki ileile.